Fedha ni zangu lakini siwezi kuzitoa: nimwambieje mjomba?

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 25, mzaliwa wa Mtama mkoani Lindi, na tangu Oktoba mwaka jana ninasoma shahada ya uzamili ya maendeleo vijijini katika mji wa Leipzig, mashariki mwa Ujerumani. Chuo ni cha serikali, kwa hiyo sidaiwi ada ya masomo isipokuwa mchango mdogo wa kila muhula. Lakini ili nipate viza nilitakiwa kuonyesha kwamba nina fedha za kujikimu kwa mwaka mzima, yaani euro 11,904, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 30, zikiwa zimewekwa katika akaunti maalumu iliyozuiwa, ambayo mwenyewe huwezi kuzitoa zote kwa mkupuo. Fedha hizo hazikutoka mfukoni mwangu peke yangu. Mjomba, ambaye ndiye aliyetulea baada ya baba kufariki, alitoa sehemu kubwa ya malipo yake ya korosho, mama alitoa mgao wake wa kikoba, na kaka yangu aliyeko Mtwara mjini alikopa kazini.

Naomba nikueleze kwanza hali niliyoikuta. Nilipofika mwanzoni mwa Oktoba mwanga ulikuwa bado upo, nikadhani habari za baridi zimetiwa chumvi. Mwishoni mwa mwezi huo saa zikarudishwa nyuma, na tangu hapo mchana ukawa unapungua kwa pande zote mbili, hata ilipofika Desemba jua lilikuwa linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi jioni, tena kwa siku ambazo mawingu yaliliruhusu kuonekana. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaingia ndani ya muda wa saa nne hivi, na muda huohuo ndio wenye vipindi. Sikujua kwamba giza nalo linachosha mwili.

Watu si wabaya, ila ni wakimya. Usiku mmoja nilikuwa nakaanga samaki huku nasikiliza taarabu, na asubuhi nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni, imeandikwa kwa adabu kabisa, ikinikumbusha kwamba kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa utulivu. Kwetu jirani angegonga, tungecheka, na pengine angeondoka na kipande cha samaki. Darasani nako ni ugeni mtupu. Mhadhara ulioandikwa kuwa ni wa saa nne unaanza saa nne na robo, na hiyo ni desturi ya vyuo vyao wala si uzembe. Ukiisha, wanafunzi hawapigi makofi bali wanagonga meza kwa vidole. Alama ya juu ni 1, ya kufaulia ni 4 na ya kufeli ni 5, kiasi kwamba nilipomwambia mama nimepata 2.3 katika kazi yangu ya kwanza alinipa pole. Lakini mimi mwenyewe sikuifurahia alama hiyo, kwa sababu mwalimu aliandika pembeni kwamba amewaona waandishi wote niliowanukuu ila hajaniona mimi. Kwenye semina wenzangu wanabishana na mwalimu kana kwamba ni rika lao, nami nakaa kimya hadi muda unaisha.

Kabla ya Krismasi tulikwenda Berlin na wenzangu, tukaingia katika makumbusho ya viumbe asilia, na hapo ukumbini nikaukuta mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kwetu Lindi. Wenzangu walipiga picha na kusonga mbele. Nilitaka kuwaambia kwamba hapo palipoandikwa Tendaguru si mbali na kwetu, nikashindwa nianzie wapi, nikanyamaza.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nikuandikie. Desemba binamu yangu, mtoto wa mjomba, alichezwa unyago, na mjomba aliniomba shilingi milioni 2 kwa ajili ya sherehe ya kumtoa mwali. Nilimjibu kwamba mambo bado hayajakaa sawa. Akaniuliza, "Si fedha ipo benki?" Nikamwambia ipo, ila haitoki. Nilisikia sauti yake ikibadilika. Tangu siku hiyo simu yangu haipokei, na mama ananiambia kwamba amesema mbele ya ukoo kuwa mtoto akishaonja Ulaya huwasahau waliomvusha. Kwa sasa silali vizuri, mtihani ni Februari, na kuna siku nawaza kuifunga akaunti, niwarudishie watu fedha zao, nirudi nyumbani. Nifanyeje, Mama?

Mwanafunzi wa Leipzig

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umeandika mambo mengi, lakini nitaanza na la mjomba, kwa kuwa naona giza na ukimya unaousimulia vingekuwa vyepesi zaidi kama huku nyumbani kungekuwa na amani. Msomi anayejua kwamba amenuniwa na mtu aliyemlea hawezi kuelewa kitabu, hata akisomea jua la Lindi.

Nikwambie wazi kwamba simwoni mjomba wako kuwa mtu mwenye tamaa. Kwetu kusini mjomba si ndugu wa kualikwa tu kwenye shughuli. Kwa Wamwera, Wamakua na Wamakonde watoto wa dada yake ni watoto wake, na anapotoa fedha za korosho kwa ajili yao haoni kuwa ametoa msaada, anaona ametimiza wajibu. Kwa hiyo alipokuomba mchango wa unyago wa binti yake hakukuomba sadaka. Alitarajia nawe utimize wa kwako. Kilichomuumiza, nadhani, ni zile sentensi zako mbili zisizolingana masikioni mwake: kwamba fedha ipo, na kwamba haitoki. Wakati wa kuchanga kila mtu aliambiwa kile kiasi kikubwa, euro 11,904, kwa sababu bila kukitaja wasingechanga. Nusu ya pili ya habari, kwamba benki itakupa euro 992 tu kila mwezi na kwamba huruhusiwi kuchukua zaidi, inaonekana hakuna aliyewaeleza.

Habari njema ni kwamba katika Tanzania nzima hakuna watu wanaoweza kuielewa akaunti yako haraka kuliko wakulima wa korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani umekuwapo huku tangu msimu wa 2007/2008, na mjomba wako anajua kabisa maana ya kupeleka magunia kwenye chama cha msingi, kupimiwa, kupewa karatasi yenye jina lake na kilo zake, kisha kurudi nyumbani mikono mitupu kusubiri mnada, kusubiri malipo yaingie benki, na kukuta makato yameshapita. Katika kipindi hicho chote korosho ni zake na hakuna anayebisha, lakini akifiwa leo hawezi kuzichukua ghalani akanunue sanda. Mwambie hivyo hivyo: kwamba umepewa stakabadhi ya mwaka mzima, na ghala linafunguliwa mara moja kwa mwezi. Naamini atakuelewa kabla hujamaliza sentensi, na pengine atakucheka kwa kuchelewa kumweleza.

Baada ya hapo mpe hesabu ya mwezi, kwa sababu euro 992, zikigeuzwa kuwa zaidi ya shilingi milioni 2.5, zinasikika Mtama kama mshahara wa bosi. Mwambie kodi ya chumba ni kiasi gani. Mwambie kwamba bima ya afya ni ya lazima kwa kila mwanafunzi, kwamba bila hiyo chuo hakikuandikishi, na kwamba peke yake inachukua zaidi ya euro 140 kila mwezi. Mwambie hata lile jambo la ajabu kwamba kila nyumba inatozwa ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Mkulima aliyezoea makato ambayo hajui yanakwenda wapi hilo litamgusa. Kisha mtajie kinachobaki kwa chakula, usafiri na daftari. Usiongeze chumvi ili uonewe huruma. Hesabu yenyewe inatosha.

Kuna jambo zito zaidi ambalo hukuligusa, na ningependa ulieleze kwa utulivu bila kulifanya tishio. Kibali chako cha kuishi kina mwisho, na utakapokwenda kuomba kiongezwe utatakiwa kuonyesha tena kwamba una njia ya kujikimu kwa kipindi kinachofuata. Anayeishi mwaka wa kwanza kwa kujibana na kutuma kila senti nyumbani huufikia mwaka wa pili mikono mitupu, na hapo kinachohatarishwa si starehe yako, ni masomo ambayo mjomba mwenyewe ameyatolea korosho zake. Mtu aliyewekeza ana haki ya kujua ni kitu gani kinaweza kuuharibu uwekezaji wake.

Namna ya kulifikisha ni muhimu kama maneno yenyewe. Usimwandikie ujumbe, kwa sababu ujumbe mrefu wenye tarakimu, kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzee aliyekasirika, husomeka kama hati ya mahakama. Usimtumie mama yako pia. Yeye ni dada yake, amekaa katikati, na kila atakalosema litaonekana ni kumtetea mwanawe. Tafuta mtu mzima mwingine wa upande huohuo wa ukoo, mama mkubwa au mdogo wake mjomba, umweleze yote, umwombe akae na mjomba wakati unapopiga simu. Piga Jumapili. Kwenu huko maduka yamefungwa siku hiyo na huna pa kukimbilia, na ukipiga saa tisa mchana yako, Mtama ni saa kumi na moja jioni, amesharudi kutoka shambani. Msalimie kama ipasavyo, muulize habari za mwali na za sherehe ilivyokwenda, umwombe radhi kwa kutokuwapo. Hesabu zije mwishoni, na zije kwa sababu yeye ameuliza.

Tena naomba uangalie picha unazozituma. Sijaziona, lakini nawajua wanafunzi walioko ng'ambo. Leipzig ina soko la Krismasi linalojulikana mbali, lenye taa nyingi, na sidhani kama kuna Mtanzania aliyepita pale Desemba akaacha kujipiga picha na kuiweka kwenye hali ya WhatsApp. Mjomba hawezi kukuona ukihesabu sarafu mbele ya kabati la mchele. Anachokiona ni koti jipya na taa. Sikwambii uache kuweka picha wala sikwambii uweke za kulia. Nasema tu kwamba unapomweleza mtu kuwa hali ni ngumu, yeye anakulinganisha na picha ya jana, na picha ndiyo inayoaminiwa.

Je, umtumie chochote? Kwa sasa hapana, na useme hapana ileile kwa kila mtu, kwa sababu ukimpa kaka na kumnyima mjomba utakuwa umefungua kesi nyingine. Lakini usimwache mzee na hapana tupu. Mweleze kwamba sheria ya huko inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, kwamba kazi ya msaidizi ndani ya chuo haihesabiwi katika kiwango hicho, na kwamba kima cha chini cha mshahara tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Mwambie kwamba muhula huu wa kwanza umeuacha uwe wa masomo peke yake, na kwamba ukipata kazi utaanza kurudisha deni la kaka kwanza, kwa kuwa lina tarehe ya mwajiri, kisha utamfikia yeye. Usitaje kiasi. Wenzako wengi wametaja kiasi wakiwa na furaha ya mshahara wa kwanza, wakaja kukimbiana na ndugu zao baadaye.

Kuhusu giza sina mengi. Unaishi karibu nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta wakati mwili wako umelelewa nyuzi 10 kusini, ambako mchana na usiku havipishani sana mwaka mzima, kwa hiyo uchovu unaousikia una sababu na si udhaifu wa imani. Toka nje saa sita mchana hata kama kuna mawingu, kwa kuwa ndiyo saa yenye mwanga kuliko zote. Jua limeshaanza kurudi tangu Desemba 21 ingawa hulioni, na Ramadhani itakapoandama katikati ya Februari, saa za kufunga huko hazitapishana sana na za nyumbani. Tafuta Waislamu wenzako wa kufuturu nao mapema, kabla mwezi haujaingia. Chuo Kikuu cha Leipzig kinafundisha Kiswahili, kwa hiyo wako watu mjini humo, Wajerumani kwa Waafrika, ambao wangefurahi sana kuzungumza nawe kwa lugha yako, usiwasubiri wakutafute. Na lile la samaki, mwandikie jirani karatasi ya kumshukuru, ubandike mlangoni kwake. Huo ndio mlango alioufungua.

Semina ndiyo iliyonifanya nitikise kichwa. Unasoma maendeleo vijijini, unakaa na vijana ambao ushirika wa wakulima wameusoma vitabuni, na unanyamaza! Wewe umekulia ndani ya nyumba inayosubiri mnada. Unajua malipo yakichelewa ada ya shule inatoka wapi, unajua mtu anayepita vijijini usiku kununua korosho kwa bei ya kutupa kutoka kwa mwenye shida, yaani kangomba, na unajua kwa nini mwenye shida humuuzia ingawa sheria inakataza. Mwaka 2018, wanunuzi binafsi walipotoa bei ambayo serikali iliikataa, jeshi liliagizwa kusomba korosho na bei ikatangazwa kuwa shilingi 3,300 kwa kilo; wewe ulikuwa sekondari, na bila shaka unakumbuka nyumba yenu ilivyosubiri. Mwalimu aliyeandika kwamba hakuoni alikuwa anaomba hayo. Sisi tulifundishwa kwamba kurudia vizuri maneno ya mwalimu ni heshima, na katika shule zetu ilikuwa hivyo. Huko heshima anayoidai mwalimu ni kwamba umpinge kwa hoja na umwite kwa cheo chake, vyote viwili kwa pamoja. Anza kidogo. Andika sentensi moja kabla ya kuingia darasani, uiseme mapema, kwa sababu ukisubiri wabishi wapate moto hutaipata nafasi.

Wale wenzako wa Berlin nao hujachelewa kuwaeleza. Mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi wetu kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani. Mjusi unaosimama pale una kimo cha zaidi ya mita 13. Kama irudishwe au isirudishwe ni mjadala uliofika hadi bungeni kwetu, na binti wa Lindi akiwa na maoni juu ya hilo hakuna profesa atakayemwambia kwamba hamwoni.

Limebaki la kurudi. Ni kweli kwamba ukiamua kuondoka Ujerumani akaunti ile inaweza kufungwa na salio likarudishwa. Ila kilichokwisha kutumika kwa tiketi, viza, kodi na bima hakirudi, kwa hiyo wale waliochanga utawarudishia pungufu, na mjomba atabaki na unyago aliougharimia peke yake pamoja na mpwa asiye na shahada. Sikukatazi. Nakuomba tu usiamue Januari, ukiwa hulali na mjomba hapokei simu. Mtafute mama mkubwa wiki hii, piga Jumapili, kisha ingia kwenye mtihani wa Februari. Alama zikitoka, na mchana ukiwa umerefuka, niandikie tena kama wazo hilo lingali nawe, tulitazame kwa hesabu.